Mpira Uliovuka Jani

Leisongi Toara aliichezea Vanuatu mechi yake ya kwanza ya kriketi tarehe 6 Mei 2012, akiwa na miaka kumi na minane. Timu ilipoteza, yeye alidaka mipira mitatu. Tangu hapo amekuwa nahodha, ameuguza magoti yote mawili, na amezaa mtoto katikati ya misimu. Safari ya Alhamisi hii, ya kuwania nafasi ya Kombe la Dunia, anasema ndiyo ya mwisho.

Kijijini kwao, nje kidogo ya Port Vila, kriketi ni mchezo wa akina mama. Huchezwa Jumamosi kwa magauni mapana, na anayefuata mpira kwenye mihogo hutukanwa kwanza kwa kuchelewa. Mwezi uliopita, upande mmoja wa uwanja ulichomekwa jani la namele, alama ya mwiko. Mjomba wa Leisongi, Chifu Maripong, anagombania shamba la nyuma ya uwanja na jirani yake Kalwatong. Walilichomeka pamoja, mkono juu ya mkono. Jani likishakaa hapo, havuki mtu mpaka wao wenyewe waling'oe na nguruwe achinjwe. Kisha Kalwatong akapanda meli kwenda kisiwa cha Santo.

Wachezaji walisogeza mpaka wa uwanja ndani kidogo. Wakazoea.

Jumamosi iliyopita mpira ulipigwa juu sana. Leisongi alirudi kinyumenyume mbio, macho angani, akaudaka kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyepiga makofi.

"Dada," alisema Netty, aliyekuwa ameurusha mpira ule, "hebu tazama ulipo."

Jani lilikuwa mbele yake. Yeye alikuwa upande wa pili.

"Sasa huyu mpigaji nimemtoa au sijamtoa?" Leisongi aliuliza, akijaribu kucheka.

"Mimi naenda zangu nyumbani," alisema mpigaji, akalaza gongo chini. "Hesabuni mnavyotaka."

Jioni Leisongi alikwenda kwa chifu.

"Mjomba, nilikuwa naangalia mpira."

"Najua, mwanangu. Jani halikuuliza ulikuwa unaangalia nini."

"Basi ling'oe."

"Peke yangu? Nikiligusa bila Kalwatong, tutakuwa wawili wenye kesi."

"Atarudi lini?"

"Anasema mvua zikiisha. Kaa, Leisongi. Usivuke bahari na jambo hili mgongoni."

"Mvua zikiisha, mechi za kufuzu zitakuwa zimekwisha."

Chifu alimwaga kinywaji cha kava kilichobaki katika kifuu chake, akaingia ndani.

Mazoezini Jumatatu, Netty, ambaye naye yumo katika timu ya taifa, hakupokea mpira kutoka mkononi mwa nahodha. Aliuacha uanguke, akaufuta kwenye nyasi, ndipo akauokota. Wengine wakafanya vivyo hivyo bila kuambiana. Kocha, mgeni kutoka Australia, aliwasifu kwa kuutunza mpira vizuri.

Jumanne Leisongi aliamka bega la kulia limekaza. Daktari wa mjini alilibonyeza kila upande, akasema haoni kitu. Kocha hajaambiwa. Mama yake amefunga nguruwe nyuma ya jiko na anamlisha nazi kila jioni, akimsubiri Kalwatong, ambaye simu yake haipatikani.

Ndege inaondoka Alhamisi saa moja asubuhi. Begi la Leisongi liko mlangoni, na mkono wake wa kulia hauinuki kupita sikio. Atasafiri.