Karatasi ya Kupima Machozi

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Uvira, Mkuu wa Huduma ya Macho alinichomeka kikaratasi ndani ya kope la chini, akaniamuru nitulie dakika tano. Kikalowa karibu chote.

«Usimuwekee mugonjwa kitu weye mwenyewe hujakisikia,» akasema.

Nilikasirika kweli, lakini ndivyo nilivyojifunza kupima machozi.

Nyinyi vijana muko na mashine. Sisi tulikuwa na kikaratasi, na ndicho kilichotufunulia syndrome sec, ugonjwa wa ukavu. Askari wa mwili, wale wanaotulinda na homa, wanageuka na kushambulia tezi za machozi na mate. Macho yanawasha kama yameingia mchanga, bugali hauteremki bila maji, meno yanaoza. Hauponi. Unatunzwa kwa dawa ya matone, maji kidogo kidogo na uvumilivu. Mungu wangu, mwili kujipiga wenyewe! Sikuwahi kuuzoea.

Baadaye nikahamishiwa kituo cha afya cha Nyamianda. Hapo akaletwa Neema, mjane kutoka Bijombo, pamoja na mama mukwe wake. Hawakuja kwa matibabu. Mume alikuwa amezikwa, Neema hakutoa chozi hata moja, na ukoo wa mume ulisema anajua kilichomuua. Walitaka kumfukuza, watoto wabaki kwao.

«Andika tu kwamba macho yake iko mazima, alikataa mwenyewe kulia,» mama mukwe akaniambia. «Tumalize.»

Ulimi wa Neema ulikuwa umepasuka, na kila baada ya maneno mawili matatu alikunywa maji ya chupa. Nikawawekea wote wawili kikaratasi. Cha yule mama, aliyemzika mtoto wake, kililowa kabla sijakaa. Cha Neema nilikitoa baada ya dakika tano, kikavu vilevile. Mama akaomba nikirudishe, pengine yatakuja. Nikakirudisha. Hayakuja. Ndipo nikamweleza mama mukwe ugonjwa huo taratibu, nikamwandikia Neema barua ya kwenda kwa Daktari Mkuu wa hospitali, naye akauthibitisha.

Sasa nimestaafu. Watu wakiniuliza ni ajabu gani niliyoiona kazini, sitaji upasuaji wowote. Namtaja yule mama. Nilipomaliza kumweleza, alivitazama vile vikaratasi viwili, kisha akamshika mjane mkono.

«Mwanangu, turudi kwa watoto wako,» akamwambia. «Minye nitamulilia mume wako na kwa ajili yako.»