Kibuyu Kilichovuka Mto

Mpaka leo, fundi akifungua boneti ya gari lenye injini moto, pua yangu hungoja harufu ya mursik, maziwa yetu ya kibuyuni. Haiji. Huja harufu ya oili na mpira, basi, nami hubaki nimesimama pale kama mtu aliyenyimwa haki yake. Magari ya watu wengine yalinuka petroli. La Baba lilinuka maziwa mgando, mkaa na moshi, na ukitaka kujua kwa nini, itabidi univumilie, maana hasira za mwaka ule hazijaniisha zote.

Tulikaa upande wa Roret, kwenye shamba dogo la majani chai, miaka ya sabini mwanzoni. Baba alikuwa na pikapu kuukuu. Barabara ya kwenda hospitali ilikatwa na mto, na kwa kuwa daraja la mbao lilikuwa limechukuliwa na maji, magari yalipita ndani ya mto wenyewe, penye mawe. Kiangazi hapakuwa na shida. Lakini katika mvua za mwaka uliotangulia, Mama akiwa na uchungu wa kuzaa, injini ilivuta maji ikazima katikati ya mto. Mpaka walipopatikana wanaume wa kusukuma, mambo yalikuwa yameharibika. Mtoto hakuishi, na nyumbani kwetu hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Sasa Mama alikuwa mjamzito tena, mvua zimeanza, na Baba alikuwa ameapa kwamba safari hii gari litavuta hewa kutoka juu ya paa lake, wacheke wanaotaka kucheka.

Tulicheka, kwanza. Baadaye tulichoka hata kucheka.

Alianza kwa kung'oa bomba la bati lililoteremsha maji ya mvua kutoka paani hadi kwenye tangi letu. Hebu fikiria. Mvua inamwagika mbele ya macho yetu, tangi limekaa tupu, na mimi napanda kilima na debe la maji ya mto kichwani! Bomba akalifunga kando ya kioo cha mbele, likasimama kupita paa la gari, na juu yake akaweka mkebe wa mafuta ya kupikia alioutoboa pembeni ili hewa iingie na mvua isiingie. Huko chini akaliunganisha na kabureta, pale injini inapovutia pumzi, kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Na baiskeli yenyewe ndiyo iliyokuwa ikitupelekea maziwa sokoni.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye ukingo wa kiti, maana mguu wangu haukufika vizuri, na kukanyaga mafuta huku yeye ameingiza kichwa chini ya boneti.

"Chelagat! Kanyaga!"

"Nimekanyaga, Baba."

"Si hivyo! Pole pole!"

"Si ndiyo pole pole hii?"

"Wacha! Wacha!"

Injini ilinguruma, ikakohoa, ikafa. Kila ilipovuta kwa nguvu, ule mpira ulibonyea kama mashavu ya mtu anayefyonza muwa, na hewa ikakosa pa kupita. Baba akatia waya ndani ya mpira, ukautoboa. Akajaribu mwanzi, ukapasuka. Alichohitaji ni kitu kigumu, kilichopinda, chembamba upande mmoja na kipana upande wa pili, na hakuna duka la Roret wala la Kericho mjini lililokuwa nacho. Mimi nilikuwa nafika shuleni nimechelewa, nanuka petroli, na mwalimu ananiambia nikae karibu na dirisha. Niliichukia pikapu ile kana kwamba ni mtu.

Baba alimsihi Mama aende akakae kwa dada yake ng'ambo ya mto mapema. Mama alikuwa anarudi kutoka shambani, kikapu cha majani chai mgongoni na tumbo mbele.

"Nikienda, majani nitachumiwa na nani?" akauliza. "Na hawa watoto watakula nini? Bomba?"

Hakuna aliyemsikiliza mwenzake katika nyumba ile.

Sasa nikueleze habari ya kibuyu. Mama alikuwa na vibuyu kadhaa vya mursik, lakini kimoja kilikuwa mfalme wa vyote. Alipewa na mama yake, Kogo wetu, siku aliyoolewa. Kilikuwa na shingo iliyopinda, kimeshonewa shanga mfunikoni, na kilikuwa kimefukizwa na kusuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet miaka mingi hata kikawa kigumu kama mfupa. Maziwa yake ndiyo yaliyotolewa kwa wageni wa maana. Sisi watoto tulikatazwa hata kukitupia jicho.

Asubuhi moja nilikikuta kwenye injini.

Shingo yake ilikuwa imeingia kwenye mdomo wa kabureta sawasawa kabisa. Kitako kilikuwa kimekatwa duara safi, bomba limetumbukizwa humo, na viungo vyote vimekazwa kwa vipande vya mpira. Nilishangaa kidogo kuona duara safi vile, kwa sababu kila alichokata Baba kilitoka na meno meno. Lakini nilikuwa na hasira nyingi mno, hazikunipa nafasi ya kufikiri.

Kogo, aliyekaa kilima cha pili, alifika kabla ya chai ya saa nne. Alisimama mbele ya boneti, mikono kiunoni.

"Nani alikata?"

Mama alikuwa ameinamia majani yake, anayachambua.

"Ni mimi, mama," Baba akasema.

"Nilipea mtoto wangu kibuyu ya maziwa. Wewe unapea kari?" Kogo alitema mate kando. "Kwangu maziwa hutakunywa tena. Mpaka nikufe."

Hata mimi sikumsemesha Baba. Nilikanyaga mafuta kimya, nimenuna, na injini ikawaka, haikufa. Ilitoa sauti ndani ya kibuyu, vuuum, vuuum, kama ng'ombe anayemwita ndama, na kilima kizima kikasikia. Watoto wa shule wakapata jina: gari ya mursik. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha alasiri moja mvua ikinyesha, Mama alitua kikapu katikati ya mistari ya majani chai.

"Baba Chelagat," akaita. "Washa."

Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya udongo. Nilikaa katikati yao. Maji yalipanda hadi taa, yakaingia milangoni, yakanifika vifundoni, baridi kweli. Baba alianza kulibembeleza gari kwa sauti ya chini.

"Kanyaga, usiongee," Mama akamwambia, ameuma meno.

Akakanyaga. Kibuyu kikalia vuuum mto mzima, hakikunyamaza hata mara moja, na tukatokea upande wa pili tukichuruzika maji. Mdogo wangu alizaliwa hospitalini mvua ikiendelea kupiga bati, ndiyo maana akaitwa Kiprop, mtoto wa mvua.

Kogo alimbeba Kiprop mgongoni zaidi kuliko alivyotubeba sisi sote, ila neno lake hakulirudisha. Kila tulipomtembelea, sisi tulipewa mursik, na Baba akapewa turungi, chai kavu nyeusi isiyo na tone la maziwa, katika nyumba yenye ng'ombe. Alikunywa miaka yote mpaka Kogo alipozikwa. "Chai nzuri, mama," alisema kila mara.

Tulipomaliza mazishi ya Baba mwenyewe, mimi nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilikaa na Mama tukisafisha vibuyu. Nikaanza tena malalamiko yangu ya siku zote. Baba naye, kweli, kibuyu cha Kogo!

Mama aliendelea kusugua.

"Baba yako alijua kukata duara?" akauliza.

Nikakumbuka mabati yake yenye meno meno.

"Nilikata mimi. Alikuwa ameenda kukamua. Niliona mvua imekuja na yeye bado anahangaika na mpira, nikachukua kisu." Alipuliza mkaa ndani ya kibuyu. "Kogo alipouliza, nilikuwa nafungua mdomo. Yeye akanitangulia."

"Na baadaye? Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka. Akaniambia turungi haina neno, ameshaizoea."

Nilitamani angekuwepo nimgombeze, yeye na ukimya wake, miaka yote ile ya kunikanyagisha mafuta na kunibebesha maji bila kunieleza lolote. Nilikwenda jikoni kupika chai. Yangu niliimimina kabla sijatia maziwa. Ilikuwa chungu. Nikainywa yote.