Siku Gitaa Iliposhindana na Godoro

Vita vilipofika Walikale, kila mtu alikimbia na kitu chake. Kuna aliyekimbia na kuku. Kuna aliyeng'oa mlango wa nyumba yake akaubeba mgongoni, akisema nyumba ataijenga tena lakini mbao nzuri kama ile hataipata. Na yule mzee mpiga gitaa alikimbia na gitaa. Godoro aliliacha.

Mkewe alikuwa ametangulia na sufuria kichwani, akiamini kwamba godoro linamfuata nyuma. Hakugeuka mpaka walipomaliza milima yote ambayo Mungu aliumba, pamoja na mingine ambayo nadhani iliongezwa baadaye. Alipogeuka, akamwona mume wake anapanda polepole, gitaa mgongoni, amelifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga.

Haya yote nilihadithiwa na mama huyo mwenyewe, na si mara moja. Tulikuwa majirani huko Mweso, kwenye vibanda vya wakimbizi, na bashi, yaani turubai la plastiki, si ukuta. Kila asubuhi mgongo ulipomuuma kwa kulala juu ya majani ya migomba, Mweso nzima ilipata habari.

"Nilizania niliolewa na mwanaume," alisema. "Kumbe niliolewa na muti wenye kamba!"

"Mama, huu muti njo ulikulishaka miaka yote," mzee alijibu taratibu.

"Ulinilisha, sikatai. Sasa unilalishe!"

Kwa kweli gitaa lile lilikuwa limewalisha. Kabla ya vita, mzee alikuwa na orkestra yake kule machimboni Walikale, na sifa zake zilikuwa zimevuka msitu bila kusubiri barabara. Alichukua nyimbo ambazo bibi zake waliimba wakitwanga, akazichanganya na roki ya vijana, na watu wanasema akigusa waya, wachimbaji walitoka shimoni bila kuitwa. Mimi nasema hata mawe yalitoka. Lakini sasa mpiga ngoma alikuwa Goma, mpiga besi alikuwa kwa wakwe zake upande ambao haupitiki, waimbaji hatukujua wako wapi, na gitaa la umeme lilibaki na godoro. Mzee alikuwa na gitaa kavu tu, ambalo waya wake mmoja ulitengenezwa kwa kamba ya freni ya baiskeli.

Basi, Mweso kulikuwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, mtu mnene, mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye duka la kila kitu. Aliliona lile gitaa akalipenda. Hakujua kulipiga, alitaka kulitundika juu ya kaunta, ili wateja waseme huyu mtu ameendelea. Na dukani kwake kulikuwa na godoro la sponji, lenye maua mekundu. Mama aliliona lile godoro kila alipokwenda kununua chumvi. Siku hizo alinunua chumvi nyingi sana kwa nyumba ya watu wawili.

Maneno yakaanza. Mama akasema gitaa liende, godoro lije. Mzee hakula siku hiyo. Ndipo akatoa ombi lake, na mimi nikiwa nimekaa pale pale naomba moto wa kuwashia makaa.

"Niache nipige mara moja tu, mbele ya bantu, peke yangu. Wakikaa mpaka mwisho, gitaa inabaki na godoro haitatajwa tena mu nyumba hii. Wakiondoka, miye mwenyewe nitaipeleka kwa duka."

Mama akafikiri. "Peke yako? Bila ngoma? Bila pombe?"

"Bila."

"Nakubali," akasema haraka, kama mtu aliyekwisha kuona maua mekundu yanaingia mlangoni.

Mfanyabiashara naye akakubali. Akatoa hata depo yake, ghala la kabichi, Jumapili baada ya misa, na godoro akaliviringisha akalileta palepale mlangoni, kwani mtu wa Butembo hapendi kwenda safari ambayo inaweza kuunganishwa na nyingine.

Mimi nilichaguliwa kuwa msema-mikro, ingawa mikro, kipaza sauti chenyewe, haikuwepo. Sababu ni kwamba nilikuwa nimetoka kupata diploma ya masomo ya jioni, diploma mbichi, karatasi ikiwa bado inanuka mafuta ya taa. Na mwalimu wetu wa jioni alikuwa ametufundisha jinsi wakubwa wa dunia wanavyosikiliza gitaa la mtu mmoja: wanakaa kwenye viti, wanavua kofia, wanainamisha kichwa, hawapigi kelele, hawachezi, na wanafumba macho ili sauti iingie vizuri. Nikaona, hapa Mweso tutafanya hivyo hivyo au tusifanye kabisa.

Watu wakajaa. Walijaa mpaka panya wa depo wakahamia kwa jirani. Wakaketi juu ya magunia wakimtazama mzee aliyekaa juu ya kreti, peke yake, na gitaa lake.

"Orkestra iko wapi?" akauliza mchungaji mmoja wa ng'ombe kutoka Kirolirwe, mrefu kama fimbo yake.

"Papa, njo hiyo," nikamwonyesha.

"Yote?"

"Yote."

"Na zile zingine zilikufaka?"

"Mesdames et messieurs!" nikapaza sauti kabla hajaendelea. "Leo hakuna kucheza. Leo ni kusikiliza kwa heshima. Kofia chini! Vichwa chini! Mufumbe macho!"

Wakatii, kwa kuwa kwetu mtu akisema kwa Kifaransa kidogo halafu akaamuru, hata mbuzi anatii. Mzee akaanza wimbo wa kwanza, wa polepole, kuhusu mto wa kwao.

Nitasema ukweli: ulikuwa wimbo mzuri, lakini miguu ya Mweso haikuzoea kukaa bila kazi. Kabla ya ubeti wa pili kwisha, mchungaji wa Kirolirwe alikuwa ameshaokota fimbo yake. Vijana walikuwa wanatazamana. Mfanyabiashara alikuwa ameshafungua godoro, akaketi juu yake akilipapasa, kama mtu anayemuaga binti anayeolewa. Mama, kule nyuma, hakutazama gitaa wala mume, alitazama maua. Mzee aliyaona yote. Vidole vyake vikaanza kukosea kwenye ule waya wa freni.

Sasa ujue kwamba depo ile ilikuwa wazi upande wa barabara. Na barabarani walikuwa wanapita akina mama wanatoka mashambani, mizigo ya kuni mgongoni. Waliona nini? Waliona wanaume kwa wanawake wamekaa chini mchana, kofia magotini, vichwa vimeinama, macho yamefumbwa, hakuna ngoma, hakuna anayecheka, na mzee mmoja anapiga gitaa la huzuni. Kwetu picha hiyo ina jina moja tu.

Mama wa mbele akatua kuni zake mlangoni. Akaweka mikono kichwani.

"Uwiii! Mama yangu weee!"

Wenzake wakatua zao. "Yooo! Alituacha! Yooo!"

Wakaingia, wakaketi chini, miguu wameinyoosha mbele, wanalia kwa ufundi wote. Wapita njia wengine wakasikia. Kwetu mtu haendi kilioni mikono mitupu, kwa hiyo mmoja akaleta unga, mwingine maharagwe, mwingine akaja na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Kuni zikapanda mlangoni mpaka zikaanza kuziba jua.

Na sisi wa ndani je? Sisi tuliwaona wanalia tukajua kwamba habari mbaya imefika. Ilikuwa miaka ya vita. Habari mbaya hazikuhitaji kukaribishwa. Lakini kilioni huulizi nani amekufa. Ukiuliza, umejionyesha kwamba ulikuja kwa ajili ya maharagwe. Mchungaji wa Kirolirwe akaiweka fimbo chini, akaketi tena, kwani nani anaondoka watu wanapoanza kulia? Nikamsikia ananong'ona kwa jirani yake:

"Kaka, njo nani?"

"Weye haujui?"

"Najua. Nilikuwa nataka kuona kama weye unajua."

"Najua sana."

"Basi tulie."

Wakalia. Hata mimi, kwenye wimbo wa tatu, nilikuwa nalia mpaka kola imelowa. Nilikuwa nimeshaamua kwamba aliyekufa ni mwalimu wangu wa jioni, na nikaanza kumsamehe ile hesabu ya sehemu.

Mzee alikuwa amefumba macho. Akasikia kilio kinapanda, akadhani ni gitaa. Jamani, mpiga muziki akiamini kwamba amewaliza watu, hakuna wa kumshika! Vidole vikaacha kukosea. Akapiga kama mtu mwenye mikono ya orkestra nzima; nilisikia ngoma ambayo haikuwepo, nikasikia besi iliyokuwa kwa wakwe zake. Na mfanyabiashara, juu ya godoro lake, alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya maua mekundu, mabega yanaruka. Mama yake alikufa Butembo barabara ikiwa imefungwa. Habari ilimfikia ndani ya lori la vitunguu, mazishi yamekwisha zamani. Hilo tulilijua wote, lakini hatukuwahi kumwona analia.

Ndipo katekista akafika anakimbia, kitabu mkononi, amekasirika kwamba kuna kilio na hakuna aliyemwita. Akasimama katikati, akanyoosha mkono. Gitaa likanyamaza.

"Tuombe. Ee Bwana, umpokee mutumishi wako..." Akatugeukia. "Jina la marehemu?"

Watu wakatazamana. Kisha wote, mmoja mmoja, wakanigeukia mimi, msema-mikro, mwenye diploma.

"Marehemu," nikasema, "marehemu alikuwa... kwa ufupi... alikuwa mtu wa watu."

"Jina!"

Hapo mke wa mzee akasimama kule nyuma. Akapangusa macho kwa kitenge. Maana hata yeye alikuwa amelia.

"Andika godoro," akasema.

"Nani?"

"Godoro yangu. Ilikufia Walikale. Hakuna aliyeizika."

Watu wote wakamgeukia, hata kabichi. Kisha yule mama wa kuni wa kwanza akacheka. Alicheka mpaka akaanguka kwenye kuni zake, na depo nzima ikamfuata. Si wote, lakini. Mchungaji wa Kirolirwe alisimama amevimba.

"Munatuliza bure! Machozi yangu munazania ni mayi ya mutoni?"

"Bure kwako," yule mama wa kuni akamjibu, na sasa hakucheka. "Miye nilikuwa namulilia kaka yangu. Alikufia mu njia tukikimbia. Tulimufunika na majani, tukaendelea kukimbia. Hatukupata hata muda wa kuketi chini. Leo njo nimeketi."

Mchungaji akatazama fimbo yake. Akaketi tena. Mama wa kuni akamgeukia mzee.

"Papa, piga tena ile ya mutoni. Polepole. Sasa tunajua tunalilia nani."

Mzee akapiga. Hakuna aliyeondoka. Tulikaa mpaka ng'ombe wa mlimani walipoanza kurudi, tena vichwa tuliviinamisha bila mimi kuamuru.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, mfanyabiashara akajikohoza, akajikumbuka.

"Haihesabike," akasema. "Bantu walikaa ju ya kilio. Hawakukaa ju ya gitaa."

Mke wa mzee akashika kiuno. "Kilio gani, Papa? Nani alikufa?"

"Hakuna."

"Kama hakuna aliyekufa, hakuna kilio. Kama hakuna kilio, walikaa ju ya nini?"

Mfanyabiashara akaanza kukung'uta vumbi kwenye godoro. Mama akamgeukia mumewe, akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ndani ya huyu mzee kijana fulani wa Walikale.

"Gitaa inabaki," akasema. "Na miye nilikubali, nitalalia majani. Nimeisha kusema."

Mzee akainamisha uso juu ya gitaa. Mfanyabiashara akaviringisha godoro lake, akaliweka kichwani, akashika njia. Mama wa kuni akamzuia mlangoni.

"Papa, na hiyo unaenda nayo wapi?"

"Kwangu."

"Kitu kikiingia kwa kilio, hakirudi nyumbani. Angalia kuni zangu. Nimezibeba?"

"Mama huyu amesema sasa hivi haikukuwa kilio!"

"Kwa gitaa haikukuwa kilio. Kwa godoro ilikuwa kilio. Si njo yeye marehemu?" Depo ikaguna kukubali. "Tena ulikaa juu yake ukamulilia mama yako, machozi yako yako ndani. Ubebe basi. Ulalie matanga nyumbani kwako. Sisi tutakuja kukulilia juma lijalo."

Katekista, ambaye alipaswa kukemea mambo ya namna hiyo, akatazama dari. Mfanyabiashara akasimama pale na godoro kichwani. Kisha akalitua taratibu, kama mtu anayemtua nyoka aliyelala, akatoka. Hatua chache mbele akageuka.

"Papa," akamwita mzee. "Ile ya mutoni. Siku barabara ya Butembo ikifunguka, twende wote. Uipige pale kwenye kaburi."

"Tutaenda," mzee akasema.

Asubuhi yake nikapita kuomba moto. Godoro lilikuwa limeanikwa nje juani, maua juu. Katikati ya maua gitaa limelazwa chali, na kitenge juu yake. Mzee na mkewe walikuwa wamekaa kando, kwenye majani ya migomba, wanakula maharagwe ya kilio.

"Mama," nikamwuliza, "mbona gitaa njo inalala juu, nanyi chini?"

"Iache," akasema, huku anamwongezea mzee maharagwe. "Jana ililia sana."