Namba Chini ya Chokaa

Radi ikinguruma juu ya ziwa, mama huchomoa kila waya. Rumonge nzima hufanya hivyo. Siku hiyo alichomoa hata kisanduku kinachohifadhi picha na sauti za marehemu baba. Kilipowaka tena, kilikuwa kimesahau namba za DNS zinazokielekeza kwenye intaneti, na dada yangu huko Uvira akashindwa kukifungua. Hitima ilikuwa kwake saa hiyohiyo, wageni wanangoja kusikia dua aliyoirekodi baba. Namba niliziandika ukutani, mama akazipaka chokaa ya Idi! Nikamfokea, Mungu anisamehe, nikaanza kukwangua kwa kijiko.

“Polepole, mutoto wangu,” akasema. “Mwandiko wa baba yako nao uko hapo. Idi nilisingizia tu. Nilichoka kuuona kila siku.”