Soksi Kwanza

Dobi wa uani kwetu alikuwa mwoga, na wala hakuficha. Nyumba ilikuwa ndefu, vyumba vya kupanga huku na huku, ukumbi mwembamba katikati, na mwisho wake ua wenye bomba moja na kamba za kuanikia. Hapo alifulia nguo za watu, na hapo watoto wadogo wote waliishia, maana mtoto na maji ni nzi na asali. Kila alipoinua macho kutoka kwenye beseni ilikuwa "angalia". Angalia mfuniko wa pipa. Angalia pasi, ina moto bado. Angalia huyo, ana kifungo mdomoni. Basi wakamwita Mama Angalia, na vijana wakamtania kwamba hata kivuli chake humwambia angalia usinikanyage. Yeye alikuwa akijibu huku anakamua: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Lakini wazazi waliijua thamani yake. Fundi viatu alikaa chumba cha karibu na bomba, yeye, mama yake mzazi, na kitoto cha kiume kilichoanza kukimbia kabla hakijajua kusimama vizuri. Tulikiita Chiriku, kwa kelele zake. Mke wa fundi alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake mbali, na fundi akabaki na mtoto kama mtu aliyeachiwa mbuzi sokoni. Anagonga kiatu, mtoto yuko kwenye gundi. Anapika, mtoto yuko kwenye moto. Kula, hataki. Kuoga, anapiga mayowe mpaka majirani wanafungua milango.

Mama Angalia akaingia katika maisha yao taratibu, bila kuitwa. Alimwonyesha fundi kugeuza mkono wa sufuria uelekee ukutani. Alimwambia mtoto huyu usimkataze tu, mpe kazi, na kweli akampa Chiriku kitambaa chake cha kufulia na kibakuli chake, na kitoto kikawa kinasugua kitambaa kilekile asubuhi nzima kwa heshima kubwa. Na kwa ajili ya kula akamtengenezea mdoli. Ilikuwa soksi ya mtu iliyopotelewa na mwenzake, akaijaza matambara, akaishonea macho ya vifungo, akaikata mdomo mpana wa kupita kijiko. Jina lake likawa Soksi. Uji ukija, Soksi kwanza, kisha Chiriku. Kikawa kinakula mpaka kinalamba bakuli, na Soksi anafuliwa kila jioni kwa uji aliolishwa.

Neno pipi lilikuja na kikohozi. Fundi alipewa dawa ya mtoto, na mtoto akaifunga midomo kama mlango wa benki. Mama Angalia akasema kwa sauti ya kubembeleza kwamba hii si dawa, ni pipi, pipi ya Soksi, haya, na sasa pipi ya Chiriku. Ikapita. Tukacheka wote. Kuanzia siku hiyo dawa ndani ya nyumba ile ikaitwa pipi, hata na bibi yake mtoto, aliyekuwa na vidonge vya presha kwenye kimfuko chini ya mto. Mtoto akimtazama anavimeza, anauliza kwa kidole. Bibi anajibu, "Pipi ya bibi hii." Ilituchekesha sana.

Ikawa mchana mmoja wingu limetanda, na Mama Angalia anakimbizana na shuka kabla mvua haijashuka. Fundi anagonga soli mlangoni. Bibi amesinzia kitini. Mimi nilikuwa dirishani kwangu, nikamwona dobi anasimama ghafla na shuka mabegani, kichwa kimeinama upande. Sikuelewa anasikiliza nini. Kumbe alikuwa anasikiliza kutokusikia. Chiriku hakuwa na sauti.

Akaidondosha shuka matopeni, yeye ambaye shuka ya mtu ilikuwa kama roho yake. Akaingia chumbani kwa fundi, akainama chini ya kitanda. Mtoto alikuwa amekaa humo na kimfuko kitupu, Soksi mapajani, midomo myeupe kwa unga. Akamtazama akatabasamu.

"Pipi," akasema. "Pipi ya bibi."

Nilifika mlangoni nikamkuta dobi amepiga magoti. Fundi anataka kumtia mtoto kidole kooni. Bibi anasema maziwa, apewe maziwa. Mama Angalia hakubishana na yeyote. Alimwinua mtoto, akakichukua kile kimfuko, akatoka mbio na kanga yake imelowa, na fundi nyuma yake, mkononi bado ana kiatu cha mteja. Sisi wazee tukabaki na mvua. Bibi alishika mkono wangu, akaubana mpaka ukafa ganzi.

Ya zahanati nimeyapata kwa fundi mwenyewe. Muuguzi alisoma kimfuko, akauliza vilikuwemo vingapi. Hakuna aliyejua. Akasikiliza moyo wa mtoto, akamwita daktari, daktari naye akasikiliza, wakawa wanarudi kila mara kusikiliza tena. Kisha Chiriku akaanza kulegea. Macho yanafumba, yanafumbuka, yanafumba. Ilikuwa saa yake ya kulala ya kila siku, na hilo ndilo lililowaua. Je, ni usingizi, au ndiyo dawa yenyewe? Mama Angalia alimtekenya nyayo, akamwita, akampuliza usoni. Mtoto ananung'unika, analala tena.

"Mimi ndiye niliyeziita dawa pipi," akasema dobi.

Fundi hakumtazama. "Mama Angalia," akamjibu, "leo uliangalia wapi?"

Aliniambia angetamani neno lile alimeze, lakini lilikwisha toka. Dobi alikaa chini pale pale, ukutani, kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba.

Baadaye wakamchoma mtoto sindano, akaamka analia, na katika kulia kule akawa anaita kitu kimoja tu. "Choki. Choki." Anamtaka Soksi wake.

Dobi akainua kichwa. Alisimama, akatoka bila kuaga. Tulimwona anaingia uani amelowa chapachapa, akapita katikati yetu kama asiyetuona, akaingia chini ya kitanda. Alipotoka alikuwa na Soksi, na kidole chake kimezama ndani ya mdomo wa yule mdoli. Akakichomoa. Ncha ilikuwa nyeupe.

"Soksi kwanza," akanong'ona, na akaondoka tena mbio.

Muuguzi alimpasua Soksi kwa mkasi juu ya meza. Vidonge vikatoka katikati ya matambara, kimoja baada ya kimoja, vingine vimeganda na uji mkavu. Mtoto alikuwa amefuata adabu aliyofundishwa. Kimoja tu kilikuwa kimetafunwatafunwa na kutemwa humohumo, maana pipi ya bibi ni chungu. Hata hivyo daktari hakuwaachia. Alisema hawezi kuapa kwamba hakuna kilichoshuka tumboni, mtoto abaki mpaka kesho. Wakamkalia, fundi upande huu, dobi upande ule, kila mmoja na mkono juu ya kifua kidogo kinachopanda na kushuka. Kulipokucha Chiriku aliomba uji.

Fundi alimwomba radhi njiani. Mama Angalia alisema hakuna radhi, swali lako lilikuwa la haki.

Neno pipi halikutamkwa tena nyumbani kwetu. Dawa ikawa dawa, ichukiwe isichukiwe, na vidonge vya bibi vikapandishwa juu ya kabati, na bibi mwenyewe huviomba kwa fundi kama mtoto. Soksi alijazwa upya. Nilimshauri dobi amshone mdomo, akanikatalia. Badala yake kila jioni, kabla ya kumfua, hukaa kwenye kigoda chake na kuingiza kidole humo polepole, akipapasa, uso umemkauka kwa hofu. Mara nyingi ni uji. Mara ni punje ya mahindi.

Juzi kidole kilisimama. Akakivuta nje, akanyanyuka, akaenda hadi kwa fundi aliyekuwa anagonga soli na misumari imebanwa midomoni, kama kawaida yake. Akamfungua kiganja, akamwekea humo msumari mdogo wa kiatu.

"Angalia," akasema.

Fundi akaitema yake yote mkononi, akaenda kutafuta kopo lenye kifuniko.