Ndevu za Kemsi

Fundi Renseneb alichonga mawe ya makaburi miaka thelathini hapa kwetu Abidosi, Misri, na kusoma hakujua. Karani alimwandikia maneno kwa wino kwenye kigae, naye aliyanakili kwa tindo, alama kwa alama, ndege kwa ndege, maana maandishi yetu ni picha. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata watu walikuja kumtazama tu. Mimi nilimpondea rangi.

Asubuhi ya sikukuu ya mungu Osiri, Mama Dedeti alikuja kuchukua jiwe la marehemu mumewe, Kemsi, mpika bia. Lilitakiwa lisimame kando ya njia kabla mungu hajapitishwa ndani ya mashua yake inayobebwa mabegani mwa makuhani. Mpita njia akisoma jina la marehemu kwa sauti, marehemu hupata mkate na bia huko aliko. Kama Kemsi asingesomwa siku hiyo, angekaa na njaa mwaka mzima.

Tukalibeba. Mlangoni tukakutana na karani Ankhu. Akalitazama jiwe, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Fundi, huyu Kemsi ameolewa na nani?"

"Unasema nini wewe?"

"Jina la mwanamume linamalizwa kwa picha ya mwanamume aliyekaa. Wewe umeweka mwanamke. Umechukua alama ya jina la mkewe. Hapa pameandikwa Bibi Kemsi."

Mama Dedeti akatua kikapu chake. "Kwa hiyo mkate wa mume wangu atapewa nani?"

"Bibi ambaye hayupo," Ankhu akasema.

Ngoma zikaanza kulia upande wa hekalu. Jiwe jipya lingechukua siku nne. Kufuta haikuwezekana, jiwe lilikuwa jembamba, lingepasuka. Renseneb akajikuna kichwa, kisha akapiga magoti mbele ya jiwe.

"Bwana karani, acha kucheka, nijibu. Huyo mwanamume ana nini ambacho mwanamke hana?"

"Ndevu. Nywele fupi. Na goti moja analiinua."

"Basi leteni jasi. Na rangi nyekundu ya wanaume, hii ya manjano ya wanawake ifutwe."

Nywele ndefu akaziziba kwa jasi. Goti akalikwangua polepole. Zikabaki ndevu, na ndevu zilitaka pigo la nyundo. Akapiga mara moja. Jiwe halikupasuka.

Mama Dedeti akainama. "Kemsi hakuwahi kuwa na ndevu ndefu hivyo."

"Mama, mimi nakuokolea mume, wewe unatafuta kinyozi?"

Tukakimbia na jiwe, watu wanne, rangi ikiwa mbichi. Tulikuwa bado tunashindilia mchanga kwa miguu mashua ya mungu ilipojitokeza kwenye kona. Lakini watu wote walimtazama mungu, jiwe hakuna aliyelitazama.

Isipokuwa mzee mmoja mgeni, askari mstaafu. Alisimama mbele ya jiwe, midomo ikacheza.

"Mkate elfu, bia elfu, ng'ombe elfu, ndege elfu, kwa..." Akakwama kwenye ile alama nyekundu, akaisogelea. Renseneb alinibana mkono mpaka ukaniuma.

"...kwa Bwana Kemsi."

Mama Dedeti akamshika nguo. "Rudia, baba."

Akarudia.

"Tena, baba yangu. Kwa sauti."

Alimsomesha mara tano, mpaka mungu akapita nyuma yao na yule mzee hakumwona.