Treni Haina Ndugu

Binti yetu wa kwanza alipochumbiwa Dar es Salaam, ndoa ilipangwa kufungwa Ijumaa baada ya swala, na baba yake ndiye aliyetakiwa kumwozesha kwa kinywa chake mwenyewe. Mume wangu ni fundi wa magari hapa Buyenzi, ng'ambo ya mpaka. Kwake hapakuwa na mjadala: tunakwenda kwa gari.

"Esansi tutagawa na wale wa kutusindikiza," alisema huku akijifuta grisi mikononi. "Itakuwa bei rahisi kuliko tikiti."

Nilicheka. Mimi ni mwanamke wa duka, hesabu hainipigi chenga. Esansi yenyewe, hayo mafuta ya gari, mjini kwetu ilikuwa ya kupangia foleni mpaka miguu ivimbe, lakini hilo ningelisamehe. Kilichonitia hofu ni jamaa zake. Wametapakaa njia nzima: Kasulu, Tabora, Dodoma, Morogoro. Mtu wa Buyenzi mwenye gari hapiti mlangoni kwa ndugu yake bila kushuka. Akipita, atasemwa mpaka siku ya mazishi yake. Na ukishuka utasubiri kuku achinjwe, utalala, utaacha chochote mkononi mwa kila mzee, na asubuhi kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali kwa kuwa gari lipo. Kwa mwendo huo tungefika Dar binti ana mimba.

"Treni haina ndugu," nilimwambia. "Ikipita imepita, na akuna mutu wa kukununia."

"Mi mukanika wa hapa, niende kuoza mutoto wangu na treni? Watu watasema motoka yangu imekufa."

"Waseme. We unaenda kuoza mutoto, ao unaenda kuonesha motoka?"

Alinuna, kisha akakubali. Tulipanda basi hadi Kigoma, na hapo tukaingia kwenye treni. Nauli yetu sisi wawili, na chakula cha njiani juu yake, haikufika hata nusu ya kile ambacho gari lingemeza pamoja na salamu zake. Nilikuwa nimeshinda na sikuficha. Nilimhesabia kila kitu upya, behewa zima likisikia.

Asubuhi tulipoingia Tabora, aliinuka kabla treni haijasimama. Nje alikuwepo shangazi yake, yule aliyemlea, ambaye magoti hayamruhusu tena kwenda hata sokoni. Alikuwa amekalia ndoo ya asali, kanga mpya ya bibi arusi mapajani. Kumbe mume wangu alimpigia simu kwa siri. Naye, kwa kuwa hakuna ajuaye treni itaingia saa ngapi, alikuwa amelala hapo hapo kituoni.

"Mlidhani mtanipita?" aliuliza, akicheka.

Mume wangu alipiga magoti mbele yake, akamwamkia. Nami machozi yalinitoka. Honi ikalia. Mimi niliyewakimbia ndugu wote wale, nilisimama mlangoni mwa behewa nikiomba treni isiondoke.

Mume wangu alipanda na ile ndoo na kanga behewa likiwa tayari linasogea, shangazi akibaki anatupungia mkono. Ijumaa alimwozesha binti yetu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Siku ya kurudi, nilikwenda mwenyewe dirishani kukata tikiti. Nilikata za kuishia Tabora.